Walimpima Akili, Mdomo Hawakuufungua

Saa mbili asubuhi, soko la Kariokor, Jumamosi. Mzee Nzivo anasukutua maji ya chumvi nyuma ya kibanda chake, anatema mtaroni, kisha anainama kutazama alichotema. Leo hakuna damu. Anajipangusa kwa kiganja, anaketi juu ya tairi la lori na kunyoosha mkono kwa mazoea atafute kisu cha kukatia akala, viatu vya mpira wa tairi.

Kisu hakipo. Hajakisahau mahali, amenyang'anywa. Mwanawe, Ndolo, amekifungia sandukuni tangu Julai.

"Mimi nakata akala tangu mwaka wa hamsini na nane," anasema. "Leo napewa kazi ya kunyoosha misumari iliyopinda."

Nzivo ana miaka sitini na saba. Soko zima lilimjua kwa jambo moja: alibana misumari sita kwa meno, akaitoa mmoja mmoja kwa ulimi bila kusimamisha nyundo. Mdomo huo huo ndio uliomsaliti. Mwaka wa 1993 ufizi ulianza kuvuja damu, ukavimba, meno yakaanza kucheza. Jino la kwanza lilitoka pamoja na msumari. Alilitia mfukoni akanyamaza.

Nyumbani Mowlem alinyamaza pia. Pale sufuria ni moja, na ndani yake ni muthokoi, mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharagwe. Hicho ni chakula cha mwenye meno. Mzee alikunywa mchuzi, akasema ameshiba. Mwaka mzima aliishi kwa chai na mkate mweupe. Kutoka kilo sitini na moja akashuka hadi arobaini na tisa.

Ndipo akaanza kupotea. Alisahau majina ya wateja wa miaka ishirini. Alishuka vituo visivyo vyake. Julai mwaka huu wa 1996, kijana mmoja alirudi kibandani na mfuko, akamwaga akala mbili mbele ya watu.

"Mzee, zote za kushoto! Unataka nitembee nikizunguka hapa Kariokor mpaka jioni?"

Soko likacheka. Ndolo hakucheka. Alichukua kisu.

"Baba, kichwa kimechoka. Desemba nakupeleka kijijini Mwala ukapumzike."

Lakini wa kulaumiwa si Ndolo. Alimpeleka baba yake zahanati mara tatu, wakapanga foleni tangu alfajiri, wakalipa, na mara zote tatu wakaambiwa neno lile lile: uzee. Mganga wa kwanza alimuuliza mzee tarehe. Wa pili alimuuliza tarehe na siku. Wa tatu hakumuuliza kitu. Alizungumza na Ndolo tu, kana kwamba mzee ni gunia lililoletwa mizanini.

Hata mmoja hakumwambia afungue mdomo. Ng'ombe akikonda, mnunuzi humfungua kinywa kwanza atazame meno. Mzee wa watu akikonda, anaulizwa tarehe!

Aliyeufungua mdomo huo ni Ayuma, mama anayeuza chakula mkabala na kibanda. Aliona sahani ya mzee ikirudi na maharagwe yamepangwa ukingoni.

"Mzee, mbona unanirudishia maharagwe yamenyonywa kama peremende?"

"Nimeshiba, mama."

"Umeshiba nini, na shati ndilo linakuvaa wewe? Hebu fungua mdomo."

Alikataa. Ayuma akamshika kidevu. Harufu ilimrudisha nyuma hatua mbili, kisha akaligeukia soko kwa sauti: "Huku ndani kumeoza, na nyinyi mnapima akili!"

Yeye ndiye aliyemfikisha kwa Daktari Lenah, anayetibu meno kila Jumamosi katika ukumbi wa kanisa moja kule Mowlem. Daktari aling'oa meno manne, akasafisha yaliyobaki, akampa dawa na kumfundisha kusukutua kwa chumvi. Ndolo aliuliza kama akili itarudi.

"Hilo siwezi kukuahidi," daktari alimjibu. "Huenda uzee upo kweli. Lakini mtu ana usaha mdomoni na njaa ya mwaka mzima tumboni, utampimaje akili? Mlishe kwanza."

Hii ni Jumamosi ya tisa tangu ang'olewe meno. Kila mchana Ayuma humpondea maharagwe, akayachanganya na mboga ya sukuma iliyokatwa laini na dagaa wa omena waliotwangwa. Mzee ameongeza kilo tano. Majina ya wateja yanarudi, ingawa si yote. Juzi tu alimwita Ayuma kwa jina la dada yake yeye mzee, aliyekwisha kufa, akajishtukia mwenyewe.

Saa nne Ndolo anafika. Hasalimii. Anafungua sanduku, anaweka kisu mapajani mwa baba yake, anavua viatu na kukanyaga kipande cha tairi apimwe. Mzee anazungusha chaki kwenye wayo polepole, kisha anampiga kofi dogo la ugoko.

"Lete ule wa kulia sasa. Usidhani nimesahau una miguu miwili."

Je, Mwala ataenda?

"Nitaenda," anasema, kisu kikiwa tayari kimeuma mpira. "Lakini siku nitakayoichagua mimi, nikiwa nimevaa akala nilizokata mwenyewe. Moja ya kushoto, moja ya kulia."