Fungu la Kupimia Sepuka

Enzi za Mwingereza, Damiani alikuwa mshika mnyororo wa kupimia ardhi wa wapima ramani wa serikali. Walipomaliza Unyambwa, bwana mpimaji aliamuru mahema yakunjwe.

"Na Sepuka je, bwana?" Damiani aliuliza. Huko ndiko kwao, na visima vilichimbwa tu mahali palipokwisha kuingia kwenye ramani.

"Fungu la fedha la mwaka huu limekwisha. Dar es Salaam hutoa jingine wilaya ikiomba na kuonyesha haja."

Damiani alirudi nyumbani, lakini kukaa kulimshinda. Mkewe Theodora alitoka alfajiri kuteka maji, akarudi jua limepanda. Siku ya tatu Damiani alimfuata, akihesabu hatua njia nzima.

"Umerukwa na akili, baba Elina?" Theodora alicheka.

Damiani aliendelea kuhesabu, asije akakosea. Kesho yake alikwenda bomani kwa miguu, akamsihi karani aziandike hatua zile kwenye maombi ya wilaya. Akangoja miezi tisa, hatulii shambani wala kitandani.

Fungu lilitoka, ila dogo. Lilitosha Sepuka peke yake. Vijiji vilivyo mbele ya Sepuka viliambiwa vingoje. Wapimaji waliporudi, Damiani alivuta mnyororo mbele ya mlango wake, akikwepa macho ya shemeji zake waliokuja kutazama kutoka vijiji hivyo.