Mzunze Uani kwa Mwenye Shamba

Nyanya yangu alikuwa na ulimi mkali, na hakuna kitu alichokisifu kama mzunze wake. Ulisimama nyuma ya nyumba yetu Likoni, mwembamba, wala huwezi kuutazama mara mbili. Lakini mambo yake, wallahi! Majani tuliyapika kwa tui la nazi tukalia sima. Matunda yake marefu kama fimbo Nyanya aliyafunga mafungu, akavuka feri kuwauzia Wahindi wa mjini, maana wao mchuzi bila hayo hawauoni mchuzi. Mbegu alizitwanga akazikoroga mtungini, maji ya kisima yenye tope yakatulia yakawa safi. Mizizi aliiponda akajichulia magoti. Na mwanamke akijifungua, maziwa yakakataa kutoka, Nyanya ndiye aliyeitwa. Mamangu aliniambia hata mimi nililelewa kwa majani yale.

Kwetu ardhi ilikuwa na mwenyewe na miti ina mwenyewe. Shamba tulilokaa lilikuwa la tajiri mmoja, lakini kila mti alioupanda Nyanya ulikuwa wake, na hapana wa kuukata bila kuulipia. Uhuru ulipokaribia, watu wa bara wakawa wanamiminika kufanya kazi bandarini, na tajiri akataka kujenga vyumba vya kupangisha. Minazi ya Nyanya akailipia, na mkwaju pia. Alipofika kwenye mzunze akacheka.

"Huu si mti, bi mkubwa," akasema. "Hiki ni kijiti cha ua."

Watu wake wakaukata siku ile ile, bila kulipa hata senti. Nyanya alilia, na mimi sikuwa nimewahi kumwona akilia, hata kwenye matanga ya babu. Nilimchukia yule tajiri kwa moyo wangu wote. Kisha Nyanya akajifuta uso kwa leso, akatuamrisha tukusanye matawi. Mzunze hauna makuu, ukichomeka tawi ardhini linachipua. Akayachomeka kwenye nyua za majirani, na baada ya muda akawa anachuma huko.

Haukupita mwaka, binti wa tajiri akajifungua mtoto wake wa kwanza, na maziwa yakakataa. Mke wa tajiri akaja kwetu, macho chini, kuomba majani. Mimi ningemfukuza. Nyanya alimchumia kikapu kizima, akabeba na tawi moja, akaenda naye. Huko akamwomba tajiri ruhusa alipande karibu na jiko, mzazi asihangaike. Tajiri, kilio cha mjukuu kimemjaa masikioni, akasema apande popote apendapo. Mtumishi akataka kumsaidia kuchimba, Nyanya akakataa katakata. Alichimba mwenyewe, akasema Bismillahi, akalishindilia udongo.

Maziwa yakatoka. Tawi nalo likamea, na Nyanya akaanza kwenda kila asubuhi kuchuma, majani mengine ya mzazi wa pale, mengine ya wazazi wa mitaa mingine. Siku moja tajiri akamuuliza, kwa adabu, mbona anachuma uani kwake na kupeleka kwa watu.

"Nachuma majani yangu," Nyanya akamjibu bila kugeuka. "Mti ni wa aliyeupanda. Au na huu pia si mti?"

Tajiri akamtazama bintiye aliyekuwa barazani akinyonyesha. Akatazama ule mzunze. Kisha akamwita mkewe, akamwambia amletee bi mkubwa kiti.

Nyanya hakukaa. Alisema kuna wanawake wanaonyonyesha wanamngoja.