Kapteni wa Watu Kumi na Tatu

Mteja wangu wa kwanza Durban alikuwa mzungu mzee mwenye masikio yaliyovimba kama maandazi. Alikaa jirani na saluni yetu, kwenye fleti za zamani za mtaa wa Point, karibu na bandari. Nilikuwa nimetoka Kongo miezi michache tu, na nywele laini za kukatwa kwa mkasi sikuwahi kuzigusa. Nikamwambia ukweli.

"Kata," akasema. "Zitaota tena."

Jamani, nilimharibu! Lakini baada ya wiki mbili alirudi, tena na wenzake wawili wa bandarini. Mama mwenye saluni alikuwa amenipa kiti kwa majaribio: nisipopata wateja wa kudumu, nitoke. Yule mzee ndiye aliyeniweka mjini, na mpaka leo namshukuru.

Kidogo kidogo nikajua kwamba zamani alikuwa kapteni wa timu ya taifa ya raga, timu hiyo ilipokuwa bado changa. Nikataka kumfurahisha. Nilikata gazetini picha ya mabingwa wa raga wa Afrika Kusini, nikaibandika juu ya kioo.

Nilikuwa nimefika katikati ya kichwa chake alipoinua macho. "Hao ni timu ya kumi na tano," akasema. Akavua kitambaa shingoni, akavaa kofia, akatoka.

Mama akanijia juu. "Eish! Umemufukuza mzee! Yeye asiporudi, na wale wengine hawarudi. Kiti utaacha, ndugu."

"Mama, nilitaka kumpa heshima."

"Sasa iko heshima gani hii?"

Siku tatu hakuonekana. Siku ya nne akaingia, kofia kichwani, na kitu kimeviringishwa kwenye taulo. Ilikuwa picha ya vijana kumi na tatu, yeye katikati na mpira.

Akanieleza kwamba raga ziko mbili, ya wachezaji kumi na tano na ya kumi na tatu. Alianzia ile ya kumi na tano. Alipohamia ya kumi na tatu, iliyokuwa ikilipa wachezaji, klabu ya ujana wake ilimfungia maisha, hata kunywa chai na wenzake ikawa marufuku. Akaongoza timu ya taifa ng'ambo, wakafungwa zaidi ya walivyoshinda. Miaka michache baadaye timu ikavunjika, naye akarudi kuendesha winchi bandarini.

Nikanyoosha mkono kubandua wale mabingwa.

"Waache," akasema. "Mchezo wenyewe sikuwahi kuuchukia. Niweke mimi pembeni yao. Nyumbani picha hii haijawahi kutoka kabatini."

Nikapigilia msumari, nikaitundika picha yake. Akakaa kwenye kiti changu na kuvua kofia. Upande mmoja ulikuwa mfupi, upande wa pili mrefu vilevile nilivyouacha. Siku zote hizo hakwenda kwa kinyozi mwingine.

Nikachukua mkasi, nikammalizia.