Sakafu ya Gari la Baba

Gari la baba lilinuka mavi ya kuku, kutu, na nyuzi za nazi zilizooza. Nyuzi hizo ndizo zilizojazwa ndani ya viti vyake huko Ulaya lilikotengenezwa, nami, mtoto wa Ediofe, pembeni mwa mji wa Arua, Uganda, ambaye sikuwahi kuuona mnazi kwa macho, niliamini kwamba ile ndiyo harufu ya Wazungu wote. Lilikuwa limelala nyuma ya nyumba yetu, chini ya turubai lililochanika, magurudumu yamezama ardhini kama magoti ya ng'ombe aliyechoka. Kengele ya kanisa kuu ilipolia alfajiri, kuku walitoka mmoja mmoja kupitia dirisha lisilo na kioo. Lilikuwa lile gari dogo la mgongo wa mviringo, lenye injini nyuma, ambalo watu wa kwetu waliliita kobe. Baba, aliyekuwa bwana shamba wa tumbaku, alilinunua kwa padri mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Baba mwenyewe sikumjua. Vita ilipofika Arua alivuka na Mama kwenda Kongo; mimi nikazaliwa huko ukimbizini, naye akafariki huko huko kwa homa kabla sijajua kuita jina lake. Kaburi lake lilibaki ng'ambo, na kwa mama yake mzazi, bibi yangu wa kijiji cha Kuluba, msiba ulifika kwa mdomo tu, umebebwa na wasafiri.

Amani iliporudi, watu walirejea na mbuzi, sufuria, hata milango ya nyumba walizojenga ukimbizini. Mama alirejea na mimi mgongoni, cherehani kichwani, na gari bovu likivutwa kwa mnyororo nyuma ya lori la wafanyabiashara. Majirani walicheka. Walisema huzuni imemgeuza akili, kwamba mjane mwenye busara angeleta mabati. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, nao walikuwa hawajui kilichomo ndani ya mzigo ule. Hata mimi sikujua. Kwangu gari lilikuwa mahali pa kuokota mayai, na mchana wa joto, mahali pa kukaa nyuma ya usukani nikipiga kelele za injini kwa mdomo mpaka midomo iwashe. Mama alishona barazani akinitazama, wala hakuniambia niache.

Nilikuwa darasa la nne mwaka baba mdogo Wani alipokuja kutoka Kuluba. Mvua zilikuwa zinakatika, na simsim, ule ufuta wetu, ilikuwa imeegemezwa uani ikauke. Katika familia yetu Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya kukutana: Mama ni Mlugbara wa Aroi, upande wa baba ni Wakakwa wa Koboko, na mambo mazito yalisemwa kwa lugha ambayo haikuwa ya mtu yeyote. Baba mdogo alilizunguka gari, akalipiga teke taratibu, kisha akaketi kwenye mkeka aliotandikiwa.

"Mama Keji," alisema, akimwita kwa jina langu, "hii kitu iko chuma tu. Krismasi tunafanya sala ya marehemu kule nyumbani. Gari kama haifiki kule kwa miguu yake, mimi nauza kwa watu ya chuma."

Kwa mila alikuwa na haki, maana mali ya kaka yake ilikuwa chini ya kauli yake, na hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka kuulizwa kijijini kwa nini shemeji yake anafuga gari. Mama aliuma uzi kwa meno, akaukata.

"Itafika," akasema.

Kesho yake alikwenda kumwita Fundi Anselmi. Huyu alikuwa Mkongo aliyehamia Arua na familia yake, mwenye karakana ya mabati kando ya njia ya sokoni. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, na alipenda kucheka kuliko kula. Walikubaliana kwamba Mama atawashonea watoto wake sare za shule, na yeye atamfufua kobe. Siku ya kwanza alilala chali chini ya gari muda mrefu kiasi kwamba nilidhani amesinzia. Alipotoka, uso umejaa vumbi la kutu, alisema, "Mama, iko mugonjwa sana. Lakini haiyakufa. Mafundi ndiyo walitaka kuiua."

Nikajifunza msimu ule kwamba gari laweza kuuawa kwa kutengenezwa. Baba alipougua, na hata baada ya kifo chake, gari lile liliazimwa na kila mtu kule ukimbizini, kubeba wagonjwa, chumvi, hata maiti, na kila lilipoharibika mtu fulani aliliziba kwa alichokuwa nacho. Fundi Anselmi aliyavua matengenezo hayo tabaka kwa tabaka, kama anayemvua mtu bendeji zilizogandamana na kidonda. Chini ya mlango alikuta saruji, saruji halisi ya kujengea nyumba, imepigwa lipu na kupakwa rangi. Waya za umeme zilikuwa zimefungwa kwa vipande vya mpira wa baiskeli. Petroli ilipita katika mrija wa dripu ya hospitali. Kila alipokuta jambo jipya aliita, "Mukuje muone!" nasi tukaja: mimi, watoto wa jirani, wanawake waliokuja kupimwa nguo, na Mama pia, akiwa na futi yake ya kitambaa shingoni. Siku alipofungua mahali pa kutolea oili pakatoka tope la maji na kutu, aliketi chini kabisa kwa kicheko. Gari lile halina rejeta. Hupozwa kwa upepo. Mtu alikuwa ametafuta mahali pa kutia maji, akakosa, akaona si haki injini ife kwa kiu. Mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa futi, na mimi nikagundua kwamba sikuwa nimewahi kumsikia akicheka namna ile.

Injini ya kobe hutolewa kwa chini. Fundi alilegeza boliti, akailaza juu ya mbao, kisha akawaita wanaume waliokuwa wakitoka misa ya Jumapili. Walivua makoti, wakashika bampa ya nyuma, wakainua tako la gari juu kwa wimbo wa kuvuta gogo, na Fundi akaiburura injini nje. Walilishusha gari, wakapangusa mikono, wakaendelea na safari zao. Kwa wiki kadhaa moyo wa gari ulikaa barazani kwetu, umefunikwa kwa gunia safi, karibu na cherehani, na mimi nikawa nasafisha vipande vyake kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani mpaka vidole vikababuka. Nilijua majina ya vipande hivyo kabla sijajua majina ya mito ya Uganda. Mwalimu alinipiga kwa hilo, lakini sikujali.

Kisha tukafika sakafuni. Upande wa abiria wa mbele palikuwa na lami nene, na chini ya lami zulia lililooza. Fundi alikwangua na patasi mpaka akafikia bati lisilofanana na gari. Lilikuwa na rangi ya samawati na maua mekundu, limekatwa vibaya kwa panga, kingo zimepondwa kwa jiwe, na kushonwa kwenye chuma kwa waya wa seng'enge. Kelele za furaha zikampanda. Aliligonga kwa nyundo ili wote tusikie lilivyo jepesi.

"Mukuje! Huyu ndiye mukubwa ya wote! Mutu mwenye alifanya hii haikuwa fundi. Ilikuwa adui ya motokari!"

Tulicheka. Mimi nilicheka. Mama alikuja kutoka barazani akitabasamu, tayari kucheka nasi, akainama kutazama. Alinyoosha mkono akaligusa ua moja. Alipoinuka, tabasamu lilikuwa limekwisha.

"Hiyo mutu," alisema polepole, "ilikuwa bwana yangu."

Ulimi hauna mfupa, lakini siku ile nilimwona mtu mzima akijaribu kuumeza wake. Fundi aliweka nyundo chini. Wanawake walitazama chini. Mama hakukasirika, na nadhani ingekuwa nafuu kwetu sote kama angekasirika. Alikaa kwenye jiwe akasimulia, akinitazama mimi peke yangu. Walikuwa njiani kwenda Kongo, katika njia za ng'ombe, kwa sababu barabara kubwa ilikuwa na bunduki. Mimi nilikuwa tumboni, karibu kuzaliwa. Sakafu iliyokuwa imeliwa na kutu ikaanguka chini ya miguu ya Mama, na mawe yakawa yanaruka yanampiga. Baba alisimamisha gari katikati ya shamba la mtama. Alimwaga ardhini nguo zote za sanduku la harusi la Mama, akakata kifuniko kwa panga, akakipigilia kwa jiwe huku milio ya risasi ikisikika nyuma yao. Mikono yake ilivuja damu. "Nilimwambia aache, nitatembea," Mama alisema. "Akanijibu, 'Miguu yako haitagusa hii barabara.'"

Mpaka siku hiyo baba yangu alikuwa neno ambalo watu walilisema kwa sauti ya chini. Sasa alikuwa na mikono. Baada ya wote kuondoka niliingia ndani ya gari, nikakipitisha kiganja changu juu ya zile kingo zilizopondwa, kila alama ya jiwe, nikatafuta mahali alipopiga kwa nguvu na mahali alipokosea.

Fundi Anselmi hakuja siku iliyofuata, wala ya pili yake. Alituma mtoto wake kusema anaumwa. Baba mdogo Wani alipita njiani kutoka sokoni, akaona gari limekaa juu ya magogo bila injini, sakafu imekwanguliwa, akatikisa kichwa, akaenda zake. Krismasi ilikuwa inakaribia. Mama alishona siku nzima bila kuinua macho. Kisha jioni moja alijifunga kanga, akanishika mkono, tukaenda hadi nyumbani kwa Fundi. Mkewe alituletea viti. Fundi alitoka kichwa kimeinama, akaanza kuomba msamaha kwa maneno mengi. Alikuwa amefikiri, alisema, kwamba bati lile libaki hapo hapo, yeye atachomelea chuma kipya chini yake, bila kuligusa.

"Hapana," Mama alisema. "Utoe. Yeye alitengeneza ili tufike, na tulifika. Wewe tengeneza ili turudi."

Fundi alivua kofia. Asubuhi alikuwa uani kwetu kabla ya kengele. Alikata zile nyaya za seng'enge moja moja kwa koleo, hakuvuta kwa nguvu, akalitoa bati zima, akalipangusa na kumkabidhi Mama kwa mikono miwili. Kuanzia hapo alifanya kazi bila kelele. Alichomelea sakafu ya chuma kizito, akaondoa saruji, akabadili kila waya, akapiga msasa mwili mzima mpaka vidole vyake vikalainika. Mama alishona viti upya kwa turubai la kijani. Injini ilipowashwa mara ya kwanza ilikohoa, ikatema moshi, kisha ikatulia ikatoa mlio wa cherehani kubwa, na Fundi akacheka tena, na Mama akamwacha acheke.

Tulikwenda Kuluba mkesha wa Krismasi. Mama ndiye aliyeendesha. Baba alimfundisha kabla ya vita, katika uwanja wa mpira. Fundi alikaa pembeni yake akisikiliza injini kama daktari, mimi na baba mdogo, aliyekuja kuona kama litafika, tukabanana nyuma. Barabara ya Koboko wakati huo ilikuwa vumbi jekundu na makorongo, na kila kilima Fundi alinong'ona, "Polepole, mama, polepole." Baba mdogo, aliyeapa kuuza, alishika kiti cha mbele kwa mikono miwili. Tulipopita mji wa Koboko alianza kuwapungia watu mkono.

Bibi alikuwa hajaambiwa tunakuja na gari. Lakini aliujua ule mlio. Tulipokata kona ya shamba la muhogo tulimwona akitoka jikoni anakimbia, mzee yule, kitambaa kimeanguka kichwani, akiita, "Lado! Lado!" Hilo lilikuwa jina la baba yangu. Mama alizima injini. Bibi akasimama. Alitazama usukani, akamwona Mama. Alitazama nyuma, akaniona mimi. Kisha akazunguka polepole hadi nyuma ya gari, akaweka viganja vyote viwili juu ya kifuniko cha injini chenye joto, kama anayepima homa ya mtoto, akaanza kulia. Hakuwa amelia kwa miaka yote ile, baba mdogo aliniambia baadaye; alisema hawezi kumlilia mtu ambaye hajamwona akirudi. Wanawake wa kijiji wakaja, na kilio cha baba yangu kikaliliwa siku ile, nyumbani kwake, na mtu mzima kwa mtoto. Jioni tulikula. Mama alimpa Bibi lile bati la maua na kumweleza lilikotoka. Bibi alilitazama sana, kisha, kwa kuwa ni mkulima, akaanikia simsim juu yake.

Gari lilitembea miaka mingi baadaye, likabeba maharusi wa Aroi na wagonjwa wa Ediofe, mpaka vipuri vikakosekana kabisa. Mama, bila machozi, alimruhusu Fundi Anselmi alifungue na kugawa viungo vyake kwa kobe wengine wachache waliobaki mjini. Sasa mimi hufanya kazi Koboko na kuendesha gari jeupe la Kijapani juu ya lami. Kabla redio haijamaliza habari nimekwisha fika nusu ya njia ya Arua. Likiwasha taa nyekundu ya hitilafu, kijana wa gereji huchomeka kompyuta na kuniambia kifaa gani kitupwe. Sitamani kurudi kwenye vumbi lile, wala kwenye ujane wa Mama. Lakini nikiwa peke yangu barabarani, hasa ninapokaribia Kuluba, huwa najikuta nakanyaga chini kwa kisigino, mara moja, mara mbili. Sakafu ni imara. Sijui ni nani aliyeitengeneza, wala yeye hakujua anaitengenezea miguu ya nani.