Magunia Sitini Sebuleni

Bendi yetu ilihama Nairobi kuja Eldoret kwa sababu yangu. Wenzangu husema ni kodi, lakini ukweli ni kwamba mimi ndiye mpiga besi, na mpiga besi huyu hapendi kutoka nyumbani. Nilipata nyumba huku mtaa wa Kimumu, nikawaambia: njooni, tutafanyia mazoezi sebuleni. Roki yote duniani, nikasema, ilianzia nyumbani kwa mtu. Ushahidi sina, niliishia kidato cha nne.

Tulikuwa watatu: mimi, binamu yangu wa ngoma, na dada mmoja aliyeimba na kupiga gitaa. Wiki ya kwanza tu dada alituambia, "Siku tutakosa mahali pa mazoezi, mimi narudi Nairobi." Hakuwa na mzaha. Bila yeye tungebaki na besi na ngoma, yaani mashine ya kusaga unga.

Jirani tuliyepakana naye ukuta alikuwa muuguzi, mama kutoka upande wa ziwa, kazi usiku, usingizi mchana. Sisi tulipiga mchana. Alikuja mara mbili. Mara ya pili alikuwa amejifunga leso, macho mekundu.

"Wanangu," akasema, "huko wodini nimeacha watu wakilia kwa sababu wako na maumivu. Nyinyi shida yenu ni nini?"

Kisha akampigia simu mwenye nyumba, mzee mkulima wa huko Soy, nje ya mji. Mzee alipotokea Desemba tukajua tunafukuzwa. Kumbe stoo yake ilikuwa inavuja.

"Malalamiko nimesikia," akasema. "Lakini kwanza, mahindi yangu italala wapi?"

Tukakubali kabla hajafunga mdomo. Magunia sitini yakapangwa sebuleni, ukuta wa muuguzi wote ukafunikwa karibu hadi darini. Binamu akabana ngoma zake katikati, akakaa kama kuku anayeatamia.

Tangu siku hiyo tukawa wazuri. Sitanii. Ngoma zilishika uzito, sauti ya dada ikatulia, hata besi yangu ikasikika kama ya mtu anayejua anachofanya. Muuguzi akanikuta langoni: "Siku hizi mmeacha? Mungu ni mwema." Sikumsahihisha.

Ndani tulipongezana. Dada alisema ni hewa ya Eldoret. Binamu alisema ni bidii. Mimi nilisema ni besi. Hakuna aliyetaja mahindi. Mzee mwenyewe alikuja kukagua mali yake, akaketi juu ya gunia, akasikiliza wimbo mzima, kisha akatoa maoni: "Sawa. Na hii kelele, panya haiwezi kuingia."

Machi lori likaja. Mzee alitaka kuuza mahindi anunue mbolea ya kupandia.

"Mzee, ngoja kidogo," nikamsihi. "Bei itapanda."

"Wewe ulisomea mahindi?"

"Hapana, Mzee."

"Basi shika upande huo tubebe."

Nikashika.

Lori lilipoondoka tulipiga wimbo wetu bora kuliko zote. Ulikuwa kama sufuria zinazoanguka jikoni. Tukasimama, tukaanza upya, sufuria zikaanguka upya. Dada akatazama kuta tupu, akatutazama sisi.

"Kumbe waliokuwa wanapiga vizuri ni magunia."

Mlango ukabishwa. Muuguzi hakugomba. "Mmerudi," alisema tu, kama anayesoma majibu ya maabara, akaenda zake kutafuta usingizi.

Dada akaanza kufunga begi. Nikampigia Mzee kuuliza mavuno mengine ni lini.

"Novemba, palizi ikifanywa vizuri. Lakini vibarua wamekuwa shida."

"Tuko watatu, Mzee."

Dada akageuka, begi mkononi. "Wewe? Mtu wa kutuma wengine dukani?"

"Mimi."

Akaketi juu ya begi, akacheka mpaka akafuta machozi. Atangoja Novemba, akasema, na si siku moja zaidi.

Sasa ni Mei. Mazoezi tunafanya mvua ikipiga mabati, wakati muuguzi hawezi kututofautisha nayo, ila stima hupotea kabla ya wimbo wa pili. Jumamosi tunapalilia Soy. Mzee anasema mstari wangu umepinda kama mtu aliyelewa. Na jembe langu likikata mche hata mmoja, dada hupaza sauti kutoka mstari wake, sauti ileile aliyotaka kurudi nayo Nairobi:

"Wee! Huo ni ukuta wetu!"