Sindano ya Mama na Njia ya Korongoni

Mnisamehe kwa mwandiko na makosa ya herufi. Niliishia darasa la saba, na tangu hapo mikono yangu imeshika jembe na ndoo za maziwa kuliko kalamu. Naandika polepole. Mbele za watu huwa sisemi kitu, ndiyo maana nimeona niandike.

Mama yangu ni mpishi kwenye kambi ya wageni, barabara ya kwenda kwenye geti la hifadhi. Ni mtu wa mwili mkubwa, na huku kwetu Karatu mwili ni sifa. Nilipokuwa mdogo, wanawake walikuwa wakimshika mkono wa juu na kumwambia amependeza, nami nilijivunia kuwa mtoto wake. Lakini magoti yake yalichoka.

Bibi, yaani mama yake, anaishi Endabash, chini ya korongo. Gari linaishia juu, halafu unashuka kwa miguu njia ya ng'ombe, yenye mawe yanayoteleza. Ilifika wakati mama hawezi kushuka na bibi hawezi kupanda. Basi tulikuwa tunakwenda mpaka ukingoni, mama anasimama na kupunga kanga yake, na bibi kule chini anatoka uani na kupunga ya kwake. Halafu wanapigiana simu huku wanaonana. Mama alikuwa akimaliza kuongea anabaki ameishika simu sikioni.

Daktari alimwambia magoti hayatapona kama mwili haupungui, na kwamba siku hizi kuna sindano ya kila wiki inayotuliza njaa. Mama alifurahi, kwa sababu ana kadi ya bima kazini. Tulikwenda naye kwenye dirisha la bima. Dada wa bima aliangalia kompyuta muda mrefu, kisha akauliza kama mama ana sukari. Mama akasema hana.

"Basi mama, haitalipiwa. Ya kupunguza mwili wanaihesabu kama urembo."

"Kwa hiyo nikaugue sukari kwanza, ndiyo nirudi?"

Yule dada aliinamisha macho. Alisema yeye hakuandika hiyo sheria, na nadhani aliona aibu kweli.

Mama aliuza mtamba wake mwekundu. Sindano zilipoisha, akauza na ng'ombe aliyemzaa mtamba huyo. Kila wiki alipojidunga tumboni alikuwa akisema, "Leo nimedunga kwato," au, "Leo nimefika kwenye nundu," nasi tunacheka. Nyumbani hatuna friji, kwa hiyo dawa ilikaa kwenye friji ya soda ya duka la jirani. Mwenye duka hakuuliza. Wafugaji huwa wanamwekea chanjo humo, naye akadhani hiyo ni ya ndama wetu. Siku moja mzee mmoja mfugaji alinisimamisha njiani akaniuliza kama ile dawa yetu inanenepesha vizuri, maana na yeye ana ndama dhaifu. Nilikimbia.

Mama alipungua, na hapo ndipo majirani walipoanza kuja. Kwetu mtu akikonda ghafla watu hawaulizi, wanaleta chakula. Walileta maziwa ya mgando, makande, na kuku mmoja. Wakakaa, wakaomba, wakawa wanamwangalia ale. Mama hana njaa na kichefuchefu kimemjaa, lakini chakula cha kuletewa hakikataliwi, basi anaonja, na wakitoka namalizia mimi. Miezi ile mama alikonda na mimi nikanenepa.

Mwishoni alichoka kuombewa, akawaambia ukweli. Nilidhani watafurahi kuwa haumwi. Kumbe huruma ile iliisha siku hiyo hiyo. Wakasema ni mambo ya wazungu aliyoyaona kambini, na kwamba ni uvivu. Mmoja, rafiki yake wa siku nyingi, alimwambia hapo hapo uani, "Dada, si ungelima tu?"

Mama alikuwa anachambua maharage. Hakuinua hata kichwa.

"Nalima tangu sijaota meno ya pili. Jembe limenipunguzia nini?"

Baada ya mvua kukatika tukaenda Endabash. Ukingoni bibi alikuwa tayari ametoka na kanga yake. Mama hakupunga. Alianza kushuka. Mimi nilitangulia ili akiteleza aniangukie. Bibi alisimama na mkono wake juu, kanga inapepea, mpaka tulipofika katikati ndipo akaushusha.

Tulipofika alimshika mama mkono wa juu, pale pale wanawake wanapopashika, na vidole vyake vikauzunguka wote.

"Mwanangu, nini kinakutafuna?"

"Hakuna, mama. Nimepungua ili nifike."

Bibi aliingia jikoni akayeyusha mafuta ya kondoo, yale anayopewa mama aliyejifungua au mtu aliyetoka kuugua, akaleta kikombe kimejaa. Nilijua harufu ile itamfanya mama nini. Nikanyoosha mkono nikipokee mimi kama nilivyozoea, lakini mama akanizuia.

"Kunywa," bibi akasema, "ili uweze kupanda tena."

Mama alikunywa chote. Machozi yalimtoka, nasi hatukuuliza kama ni ya kichefuchefu.

Sasa ng'ombe wameisha na sindano zimeisha. Tulirudi kwenye dirisha la bima, jibu ni lile lile. Mwili unarudi kidogo kidogo. Mara ya mwisho tuliposhuka, mama alipumzika kwenye jiwe ambalo mwanzo tulilipita tu. Anasema tutakwenda kila tukipata nafasi, kabla magoti hayajakataa.

Kama kuna msomaji ambaye bima yake ilikubali, naomba aniandikie alisema nini pale dirishani. Na ambaye alikataliwa, aniandikie pia, nimsomee mama. Msiogope mwandiko. Hata mimi nasoma polepole.