Mama Yake Bibi Ndani ya Kanda

Mwaka ule nilikuwa nafundisha shule ya msingi mjini Sumbawanga na nimepanga chumba mtaa wa Izia, dirisha likitazama shamba la mahindi la mwenye nyumba. Ilikuwa enzi za ruksa, serikali imefungulia biashara. Maduka niliyoyajua nikiwa msichana, yale ya rafu tupu na karani aliyesinzia, sasa yalijaa sabuni za kila rangi, mitumba ilimwagwa chini sokoni, na vijana walikuwa wamefungua vibanda vya video. Pamoja na bidhaa walikuja watu. Walikuja na magari ya mbali, wakaulizia mabonde na mapori, kisha wakaondoka bila kusema walichokuwa wanatafuta. Tuliobaki tulimalizia hadithi wenyewe. Huyu anatafuta dhahabu, yule anatafuta shamba, yule mwingine ametumwa.

Kwa hiyo mwalimu mkuu aliponiita ofisini kwake na kunikutanisha na wageni, moyo wangu haukufunguka. Walikuwa watatu: mama wa Kizungu mwenye mvi, kijana wa Kizungu aliyebeba kamera kama mtu anayebeba mtoto mgonjwa, na bwana mmoja kutoka Dar es Salaam aliyevaa koti zuri na kusema kidogo. Mama yule alinieleza kwa Kiingereza kwamba wanatengeneza filamu ya mfululizo, ya kuonyeshwa kwenye televisheni kwao, kuhusu historia ya hifadhi za taifa. Sehemu moja ingehusu nchi yetu. Walitaka kuwahoji wazee waliowahi kuishi ndani ya eneo ambalo sasa ni hifadhi, kule bondeni, na walikuwa wameambiwa kwamba bibi yangu ni mmoja wao. Walihitaji mtu anayejua Kiingereza na Kifipa.

Nikauliza nani aliyewaambia habari za bibi yangu. Bwana wa Dar akatabasamu, akasema watu wamesema. Sikupata jibu jingine, wala sikulipata baadaye.

Bibi aliishi Msanzi, katika nyumba ya matofali ya kuchoma iliyojengwa na marehemu babu. Alikuwa mama wa baba yangu. Alikuja huku juu uwandani akiwa ameolewa, akabatizwa, akalima ulezi na mahindi kama wanawake wenzake, na mtu asiyemfahamu angedhani amezaliwa pale pale. Tulijua tu kwamba kwao kulikuwa bondeni na kwamba kijiji chao hakipo tena. Tukiwa watoto tukimuuliza, alitupa kazi. Mmoja alitumwa kuni, mwingine maji, na swali likaishia njiani.

Tulipofika, gari lilikuwa halijazimwa vizuri na jirani yake alishasimama uani. Jirani huyo alikuwa Msukuma aliyehamia na wake zake na ng'ombe wake miaka michache nyuma, mtu mrefu, mpole, ambaye bibi alimpenda kwa sababu alimletea maziwa bila kuombwa. Alinivuta kando kabla sijaingia ndani. Aliniambia kwamba kule kwao kaskazini pia walianza hivi hivi. Walikuja watu wenye maneno mazuri kuuliza zamani mpaka wa malisho ulikuwa wapi, wazee wakafurahi kuulizwa, wakaonyesha kwa mikono yao. Baadaye yakaja mawe ya mpaka.

"Mwalimu," alisema, "mtu akikuuliza ulikotoka, mtazame kwanza anakokwenda."

Niliyapeleka maneno yale ndani pamoja na shikamoo yangu. Bibi alikuwa amekaa jikoni, kitenge kimefungwa mpaka kifuani kwa ajili ya baridi, anachambua maharage. Alinisikiliza bila kuinua macho. Akauliza wageni wamekula. Nikasema sijui. Akasema basi wapikiwe, mtu hafukuzwi na njaa yake.

Walikula ugali wa ulezi na maharage, mama wa Kizungu akausifu, bibi akaitikia kwa kichwa. Kisha wakatoa vitu vyao. Kumbe hawakuja na maswali tu. Walikuwa na televisheni ndogo na mashine ya video, na jenereta nyuma ya gari. Mama yule alieleza kwamba huko Ulaya, katika hifadhi ya picha za kale, walikuta filamu fupi iliyopigwa na ofisa mmoja wakati wa Mwingereza. Inaonyesha watu wakihamishwa kutoka bondeni kwa sababu ya malale. Haina sauti. Walitaka wazee waitazame waseme kama wanamtambua mtu yeyote.

Waliweka televisheni juu ya meza sebuleni, wakafunga dirisha ili picha ionekane. Kamera ikaelekezwa usoni kwa bibi. Nilikaa pembeni yake kwenye mkeka.

Watu walitokea kwenye kioo, kwa rangi nyeusi na nyeupe tu, wakitembea haraka haraka kuliko watu wanavyotembea. Wanaume walibeba mikuki na kuku. Wanawake walibeba vikapu na watoto mgongoni. Walipita mbele ya kamera mmoja mmoja kwenye njia nyembamba, na wengi hawakuitazama. Mwanamke mmoja, kijana, mwenye kikapu kichwani, aligeuka akatazama nyuma alikotoka, akasimama kidogo, kisha mtu aliyekuwa nyuma yake akamgusa akaendelea. Nyuma yao kulikuwa na moshi. Nilidhani wanachoma mashamba.

Mama wa Kizungu akauliza kama bibi anamfahamu yeyote. Nikatafsiri. Bibi alikuwa ameshika ncha ya kitenge changu, si chake, na alikuwa ameishika kwa nguvu.

"Siwajui hawa," alisema.

Bwana wa Dar akauliza, kwa Kiswahili, kama anaweza kueleza kijiji chao kilikuwa upande gani wa mto, na mashamba yalifika wapi. Bibi akamwambia kwamba alikuwa mtoto. Akaulizwa makaburi ya wazee yako wapi. Akasema wafu wanajua wenyewe. Kijana wa kamera hakuelewa lugha lakini alicheka kidogo, akajizuia. Mchana wote ulikwenda hivyo. Jua lilipoanza kushuka walirudi mjini kwenye nyumba ya wageni, wakasema watapitia kesho kuaga, nami nikabaki kulala.

Asubuhi, tukiwa jikoni tunachochea moto, bibi alisema bila utangulizi wowote, "Yule mwenye kikapu, aliyegeuka nyuma. Ni mama."

Niliacha nilichokuwa nafanya. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Maji yalipochemka ndipo akanieleza, na katika maisha yangu yote sikuwahi kumsikia akisema mengi kwa mpigo kama siku ile.

Malale yalikuwepo, alisema, hawezi kumkatalia mtu ukweli wake. Mdogo wa mama yake alikufa kwa malale, akisinzia na chakula mkononi. Ofisa alikuja na karani na askari, hawakuja kwa ubaya. Waliuliza nyumba ni zipi, za nani, zinaanzia wapi na kuishia wapi. Walisema wanataka kujua wagonjwa ni wangapi. Baba yake bibi alikuwa mtu wa kupenda wageni, akawatembeza kijiji kizima, akaonyesha hata vibanda vya shambani ambavyo wasingeviona wenyewe. Baada ya muda wakarudi na amri ya kuhama. Watu walipotoka, zile nyumba zilizoonyeshwa zikachomwa, na vile vibanda vya shambani pia, ili mtu asirudi kujificha. Waliambiwa watarudi mbung'o wa malale wakiisha.

"Basi mbung'o wapo mpaka leo," alisema, "na sisi tuko huku. Baba hakuwasemesha wageni tena mpaka anakufa. Alikuwa anasema, nilionyesha kwa kidole changu."

Nikakumbuka ule moshi.

Akanipa kazi, kama desturi yake, lakini safari hii haikuwa kuni wala maji. Alitaka kumwona mama yake mara ya pili. Hakutaka wageni wajue kwa nini. Mama yake alikufa bibi akiwa hajavunja ungo, hapakuwa na picha yake popote, na alikuwa ameisahau sura yake, alisema, mpaka jana.

Wageni walipofika kuaga, nilimwambia mama wa Kizungu kwamba bibi macho yake ni dhaifu na jana alikaa mbali, angependa kutazama tena. Hilo la macho lilikuwa kweli. Mama yule alikubali mara moja. Bwana wa Dar ndiye aliyenitazama. Akasema taratibu, kwa Kiswahili ili wenzake wasielewe, kwamba jana bibi alisema hawajui watu hawa, leo anataka nini? Nikamjibu kwamba na mimi nilitaka kumuuliza swali hilo hilo, yeye na maswali yake ya mto na mashamba. Alitoka nje akasimama na jirani yetu Msukuma, na kupitia mlangoni niliona wanaongea, jirani akitikisa kichwa kwa kila alichoulizwa.

Bibi alisogeza kigoda mpaka karibu ya kioo. Picha ilianza. Mama yake alipotokea, bibi aliinama mbele, mdomo ukafunguka kidogo, na uso wake ukawa uso wa mtu mdogo. Kamera ilikuwa inamtazama. Mwanamke yule aligeuka, akasimama, akaguswa, akaenda. Filamu ikaisha.

Mama wa Kizungu aliuliza kwa sauti ya chini kama kuna mtu anayemkumbuka.

"Mwambie nimezeeka," bibi alisema.

Nikatafsiri kama ilivyo. Mama yule alimtazama bibi kwa muda, kisha akanitazama mimi, na nadhani alijua. Walipokuwa wanapakia vitu alinijia karibu na gari akaniuliza yule mwanamke wa kikapu ni nani kwa bibi. Nilimwambia kwamba bibi amesema amezeeka. Akainamisha kichwa, akanishukuru, akanipa mkono.

Msimu uliofuata, mahindi yakiwa yameanza kukauka shambani, kanda ya video iliachwa shuleni kwa jina langu. Mwalimu mkuu hakumjua aliyeileta, alisema tu ni dereva wa lori. Niliishika kwa mashaka. Bibi alipopata habari alikuwa na mashaka zaidi. Kitu cha bure, alisema, mwenye kukitoa ameshalipwa mahali pengine. Lakini alipanda basi akaja mjini.

Nilizungumza na mwenye kibanda kimoja cha video, kijana wa mjini aliyezoea kuonyesha filamu za karate. Aliniitikia poa, mwalimu, njoo asubuhi kabla washikaji hawajajaa. Tulipofika alikuwa ameshafagia. Bibi alikaa kwenye benchi la mbele, akatazama mabango ya watu wanaorushiana mateke, kisha akamwomba kijana atoke nje. Kijana akanionyesha vitufe, akatoka bila kununa.

Filamu ilikuwa na tembo wengi na twiga wengi, na jua likichomoza juu ya majani. Mwanamume alisimulia kwa Kiingereza kwa sauti nzito ya kutulia. Alisema jinsi hifadhi zilivyoanzishwa, jinsi wanyama walivyonusurika. Halafu ikaja ile filamu ya kale, fupi kuliko tulivyoiona nyumbani, moshi wote umekatwa. Halafu bibi mwenyewe, ameinama mbele, mdomo umefunguka kidogo. Sauti ikasema kwamba wazee wachache waliobaki wameshasahau bonde lao, na kwamba leo kumbukumbu ya bonde hilo inatunzwa na wanyama peke yao.

Nilisimamisha kanda. Bibi aliuliza yule bwana anasema nini juu yake. Nilifikiria kumpunguzia, lakini nikamwambia yote, na nilikuwa na hasira, nikasema tutawaandikia.

"Usiandike," bibi alisema. "Waache waseme nimesahau. Aliyesahau hajiwi na mtu kuulizwa."

Kisha akaniambia nirudishe kwa mama yake. Nilirudisha. Nikabonyeza kitufe cha kusimamisha, picha ikatulia ikitetemeka, mistari myeupe ikipita usoni mwa yule mwanamke. Alikuwa mdogo kuliko mimi. Bibi akazungumza naye kwa Kifipa, habari za kawaida: kwamba alipata watoto, kwamba mmoja alikufa, kwamba uwandani kuna baridi lakini ulezi unakubali. Nilikwenda kusimama mlangoni na mgongo wangu kwao.

Kanda aliichukua yeye. Nilisema nikae nayo mimi, kwa kuwa mashine ziko mjini, akakataa. Wewe ni mwalimu, alisema, na mwalimu anakula kwa serikali. Alisema kwa upole, huku ananishika mkono tuvuke barabara, lakini hakuwa anatania.

Mwaka uliofuata yule jirani Msukuma alifungua zizi lake na kuondoka na ng'ombe wote kuelekea kusini. Alisema amesikia mpaka wa kule bondeni utapimwa upya na wenye mifugo watasogezwa. Mimi nilipouliza ofisini mjini niliambiwa hakuna habari hiyo. Mawe ya mpaka sikuyaona, si mwaka ule. Bwana wa Dar nilimwona mara moja tu, mbele ya hoteli, akishuka kwenye gari jingine kabisa akiwa na wageni wengine. Alinitambua. Alinipungia mkono, nami nikampungia, na hakuna aliyevuka barabara kwenda kwa mwenzake.